Jina la Mti katika Tasnifu ya Sayansi: Historia ya Uandishi wa Kitaaluma Kusini mwa Pwani ya Kenya

Tasnifu ya sayansi ina desturi zake, na desturi hizo hazikuzaliwa pwani. Utangulizi, mapitio ya maandishi yaliyotangulia, maelezo ya eneo, mbinu, matokeo, majadiliano: mpangilio huu ulikuja pamoja na vyuo vikuu, na mwanafunzi atokaye Msambweni au Ukunda huupokea kama apokeavyo joho la mahafali, yaani vazi lililokwisha kushonwa kabla yeye hajapimwa. Hata hivyo, kazi nyingi zilizotokana na misitu na bahari ya Kwale zilianza kwa neno ambalo mtafiti aliambiwa na mtu mwingine. Aghalabu neno hilo lilikuwa la Kidigo au la Kiswahili. Huko Funzi, Shimoni na Vanga huenda lilikuwa la Kichifundi au Kivumba. Lilikuwa jina la mti, au la samaki, au la maradhi, au la wakati wa maji kujaa na kupwa.

Makala haya yanachunguza neno hilo liliwekwa wapi ndani ya maandishi ya kisayansi, tangu orodha za zama za ukoloni hadi tasnifu za miaka ya hivi karibuni. Swali laweza kuonekana dogo. Lakini mahali lilipowekwa neno la mwenyeji ndipo panapoonyesha mwandishi alimhesabu mwenyeji huyo kuwa nani: shahidi, mpagazi, au mwenye elimu.

Yafaa kuanza mbali kidogo na Kwale, katika milima ya Usambara, kwa kuwa huko ndiko zilikowekwa kwanza kumbukumbu za mimea ya sehemu hizi. Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baadaye kikaendeshwa na Waingereza. Mtaalamu wa mimea wa hapo, P. J. Greenway, alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili mwaka 1937, na toleo la pili likatoka mwaka 1940. Mpango wake ulikuwa rahisi: jina la Kiswahili upande mmoja, la kisayansi upande wa pili. Ofisa wa misitu aliyesikia jina kijijini aliweza kulitafuta na kujua ni mti gani kwa hesabu ya wataalamu. Mwaka 1950 hifadhi ya mimea mikavu ya Amani ilihamishiwa Nairobi, na mwaka 1961 Greenway pamoja na I. R. Dale wakachapa kitabu kikubwa cha miti na vichaka vya Kenya, ambamo majina ya lugha za wenyeji, Kidigo kikiwamo, yaliandikwa chini ya miti yake.

Hapana anayeweza kuidharau kazi hiyo. Lakini orodha ina ubaya wake: huonyesha jina bila kuonyesha msemaji. Haisemi ni nani aliyelitaja, alikuwa wapi, wala alikuwa akifanya kazi gani. Chukua neno mkoko. Kwa mtu wa mjini, mikoko ni miti yote iotayo katika maji ya chumvi. Kwa mkata miti wa Gazi, mkoko ni mti mmoja tu, Rhizophora mucronata. Miti mingine ina majina yake, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi, na hakuna amwitaye mchu mkoko anapokuwa kazini na shoka. Orodha ikisema tu kwamba “mkoko” ni Rhizophora, mtafiti aliyeulizia mikoko sokoni na kupata jibu atakuwa ameandika jambo ambalo hakuambiwa. Ndiyo sababu wataalamu wa mimea husisitiza kielelezo: tawi lenye jani na ua, likakaushwa, likapewa namba, likawekwa hifadhini, na jina la mwenyeji likaandikwa kwenye karatasi ile ile siku ile ile. Mwanafunzi anayeandika tasnifu asiporudi na namba za vielelezo vyake, majina aliyoyakusanya hayana mahali pa kuegemea.

Bahari ya Diani ina mfano ulio bora zaidi, nao unahusu sura ya mbinu, ambayo wanafunzi wengi huiandika kwa uvivu. Mwaka 1971 Canute Khamala wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapa makala mafupi kuhusu mnyama mdogo wa mwambani mwenye miiba mwili mzima, aitwaye Echinometra mathaei, katika ufuo wa Diani. Hayakuwa makala ya kutikisa ulimwengu. Yalieleza mnyama huyo anaishi sehemu gani za mwamba na kwa wingi gani. Miaka ikapita. Mwaka 1987 Nyawira Muthiga na Tim McClanahan walichapa matokeo ya kuhesabu upya hapo hapo Diani, wakaonyesha kwamba idadi ya wanyama hao ilikuwa imepanda mara kadhaa katika muda wa miaka 15 hivi. Maelezo waliyoyatoa, na ambayo uchunguzi mwingine katika miamba ya Kenya uliyatilia nguvu, yalikuwa kwamba uvuvi ulikuwa umewapunguza samaki wanaowala wanyama hao, na wao nao walipozidi waliukwangua na kuubomoa mwamba.

Ugunduzi huo usingaliwezekana kama Khamala asingaliandika wazi alihesabu wapi na kwa njia gani. Sura ya mbinu huandikiwa mtu atakayekuja baada ya miaka 15, ambaye hana wa kumwuliza. Mwanafunzi aandikaye kwamba “uchunguzi ulifanywa katika sehemu mbalimbali za Diani” amemfungia mlango mtu huyo.

Lakini kuna jambo jingine katika kisa hicho. Samaki aliyekuja kutajwa kuwa mlaji mkuu wa wanyama hao ni wa jamaa ya kikande. Mvuvi wa Diani anamjua kikande. Anajua meno yake na shimo anamojificha. Maandishi ya sayansi yalimwandika kwa Kilatini, Balistapus undulatus, na yalikuwa na haki kufanya hivyo, kwa kuwa vikande ni wa aina nyingi. Hata hivyo, msomaji wa Kinondo aliyekosa jina kikande katika maandishi hayo hakuweza kujua kwamba ni samaki wa mtego wake mwenyewe anayezungumzwa. Mwaka 1995 serikali ilitangaza hifadhi ya bahari ya Diani na Chale. Wavuvi waliikataa, na hifadhi ikabaki katika karatasi. Sababu za ukaidi huo zilikuwa nyingi, zikiwamo hofu ya kupoteza bandari zao na kumbukumbu za ardhi ya ufuoni iliyokwisha kwenda kwa mahoteli. Haziwezi kupunguzwa zikawa suala la lugha tu. Walakini miaka miwili baadaye, mwaka 1997, Heidi Glaesel aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin tasnifu kuhusu wavuvi, hifadhi na mamlaka katika pwani ya Kenya, na mwaka huo huo makala ya McClanahan, Glaesel na wenzao yalichunguza desturi za uvuvi za pwani ya kusini, pamoja na mizimu ya baharini na sadaka zinazotolewa hapo, kama mambo yanayoweza kulinganishwa na wingi wa samaki wanaovuliwa. Neno sadaka liliingia katika sayansi ya miamba ya kusini muongo mmoja baada ya wanyama wenye miiba kuhesabiwa. Utaratibu huo wa mambo ungaliweza kuwa kinyume chake.

Upande wa tiba hatari ni kubwa zaidi, japo maelezo yake yanaweza kuwa mafupi. Msambweni na vijiji vya jirani vimechunguzwa sana kwa ajili ya kichocho, hasa tangu mwongo wa 1980, na pwani yote imechunguzwa kwa ajili ya matende. Mtafiti wa matende hana budi kuuliza pia juu ya busha. Sasa neno ambalo watu wengi hulitumia kwa staha badala ya busha ni mshipa, na mshipa ni neno lenye milango mingi: ni njia ya damu, ni neva, ni ngiri, ni uvimbe wa korodani. Mzee anayejibu kwamba ana mshipa amejibu swali gani? Mara nyingi hojaji huchapwa katika kiambatisho cha tasnifu kwa Kiingereza pekee, wakati swali lililoulizwa kweli, lile lililotoka kinywani mwa msaidizi wa utafiti na kumfikia mzee, halionekani popote. Mtahini hupewa tafsiri ya swali badala ya swali lenyewe. Katika fani ambayo hutaka hata aina ya hadubini itajwe, upungufu huu ni wa ajabu.

Sasa tufike Gazi, ambako historia hii ina utajiri kuliko penginepo. Ghuba ya Gazi, kaskazini ya Msambweni, ilijulikana katika karne ya 19 kwa kuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Mikoko yake, kama ile ya Lamu na Vanga, ilikuwa mali ya ujenzi. Boriti za mikoko zilishikilia dari za nyumba za mawe kote pwani, hata upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Na majahazi yalizichukua hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Huko Gazi madhara makubwa yalikuwa yamekwisha kutokea katika mwongo wa 1970, miti ilipofyekwa kwa wingi ili iwe kuni za viwanda. Baadhi ya sehemu zilizofyekwa hazikuota tena. Zilibaki mchanga mtupu mwaka baada ya mwaka, ingawa maji yenye mbegu yalipita juu yake kila siku.

Mwaka 1991 ulianza upandaji wa majaribio. Aliyeuongoza, James Kairo, aliandika juu yake tasnifu ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyokamilika mwaka 1995, na kisha tasnifu ya udaktari kuhusu ikolojia na urejeshaji wa mikoko ya Kenya katika Vrije Universiteit Brussel, mwaka 2001. Wakati huo huo Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1979, ilikuwa ikishirikiana na wataalamu wa Ubelgiji na Uholanzi, na Gazi ikawa mahali ambapo wanafunzi wa nchi mbalimbali walikuja kutafuta shahada.

Kwa mtazamo wa lugha, jambo la kutazamwa kwa makini katika maandishi ya Gazi ni jedwali. Mtaalamu wa misitu hupima unene wa shina katika urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Kwa mkoko kipimo hiki hakifai, kwa maana mti husimama juu ya mizizi iliyotanuka kama miguu ya buibui. Basi hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi ulio juu kuliko yote. Vipimo hivyo vikishapatikana hupangwa kwa madaraja ya unene. Lakini wakata miti wa pwani walikuwa na madaraja yao ya unene kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa katika Afrika Mashariki: fito, pau, boriti, nguzo, banaa. Kila daraja lina kazi yake katika nyumba na bei yake sokoni, na miti huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Maandishi ya misitu ya mikoko ya Kenya yaliyachukua madaraja hayo yakayaweka juu ya jedwali bila kuyafasiri, kila moja likiwa na mipaka yake ya sentimita.

Hapa neno la mwenyeji limeacha kuwa pambo la kiambatisho. Limekuwa kipimo. Faida yake si ya heshima tu. Mtafiti angegawa unene kwa sentimita tano tano, jedwali lingekuwa nadhifu, lakini lisingeonyesha kwa nini miti ya unene fulani imetoweka msituni na mingine imesalia. Likipangwa kwa pau na boriti, pengo linaonekana mara moja, kwani shoka huchagua kwa madaraja hayo hayo. Kwa maneno mengine, mgawanyo wa fundi wa nyumba ulikuwa na sababu ndani yake, na sababu hiyo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa na tasnifu.

Hali ni hiyo hiyo katika maji. Mwaka 1928 J. G. Watson, aliyekuwa akichunguza mikoko ya Malaya, aligawa ardhi ya mikoko katika mafungu matano kwa kufuata mara ngapi hufikiwa na maji katika mwezi, na tangu hapo mgawanyo wake umetajwa na wanafunzi wengi wa fani hii. Mvuvi wa Gazi husema bamvua na maji mafu, na hujua ni miti ipi inayofikiwa na bamvua tu. Mlilana huota upande wa bahari, mkandaa nyuma ya mkoko, na mchu huonekana pande zote mbili, ufuoni na nchi kavu. Mwanafunzi mwenye busara humtaja Watson na bamvua katika ukurasa mmoja. Akimtaja Watson peke yake atakuwa ameikopa Malaya kuelezea kitu alichoonyeshwa kwa kidole na mtu aliyesimama naye matopeni.

Miti ile ya mwongo wa 1990 ilikua, na hesabu zake zikachapwa. Mwaka 2008 Kairo na wenzake walitoa vipimo vya shamba la mkoko lenye umri wa miaka 12: kimo cha wastani mita 8.4, unene wa wastani sentimita 6.2, mashina 5,132 kwa hekta, na uzito wa tani 106.7 kwa hekta. Ili kupata uzito bila kuukata msitu wote, wanafunzi walikata miti michache, wakaipima vipande vipande, wakatunga mlinganyo wa kuhusisha unene na uzito. Kazi ya namna hii inachosha na haina sifa nyingi. Ni sura ya nne ya tasnifu ambayo wengi huiruka.

Mwaka 2013 ulipoanza mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, ni sura hiyo iliyotafutwa. Mradi huo huuza kwa wanunuzi wa ng'ambo haki ya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yake yamelipia maji na mahitaji ya shule. Mnunuzi hakubali kuambiwa kwamba msitu ni mzuri; hutaka tani kwa hekta, na namna zilivyopatikana. Bila ya milinganyo na mashamba ya majaribio yaliyopimwa tangu mwanzo, vijiji hivyo visingekuwa na cha kuweka mezani. Baadaye mradi wa mfano huo ulianzishwa Vanga, pamoja na vijiji vya Jimbo na Kiwegu.

Inabaki misitu ya nchi kavu. Makaya ya Wadigo, Kinondo, Muhaka, Waa na mengineyo, yaliorodheshwa mimea yake kwa utaratibu katika mwongo wa 1980, hasa na Anne Robertson, ambaye taarifa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987; yeye na Quentin Luke walitoa taarifa kubwa zaidi ya misitu ya pwani mwaka 1993. Majina ya wenyeji yamo, lakini bado ni majina kando ya majina, kama kwa Greenway. Hatua iliyofuata ilichukuliwa na Mohamed Pakia, kwanza katika makala mawili aliyoyaandika pamoja na J. A. Cooke mwaka 2003 kuhusu mimea ya Wamijikenda, na kisha katika tasnifu ya udaktari iliyowasilishwa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, mwaka 2005, kuhusu elimu ya Wadigo ya mimea. Katika tasnifu hiyo jina la Kidigo si njia ya kufikia jina la Kilatini; ndilo jambo linalochunguzwa. Kati ya muhi, mti usimamao msituni, na muhaso, dawa itokanayo nao, kuna elimu nzima ya kutambua, kuchuma, kutumia na kukataza, na elimu hiyo ina mpangilio wake ambao haulazimiki kulingana na mpangilio wa hifadhi ya Nairobi. Inapolingana, ni habari. Inapoachana, ni habari kubwa zaidi.

Huenda mtu akauliza kwa nini tasnifu za namna hii zisiandikwe kwa Kiswahili moja kwa moja. Jibu la zamani, kwamba istilahi hazipo, limepungua nguvu tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipochapa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Na katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kizuizi kilichobaki kimo katika desturi za idara na katika soko la majarida. Kizuizi hicho hakimkatazi mtu kuyachapa maswali yake kwa lugha aliyoyaulizia, wala kuweka muhtasari wa Kiswahili mbele ya ule wa Kiingereza, wala kuwataja kwa idhini yao waliomfundisha majina, ndani ya sura ya mbinu na si katika shukrani. Shukrani husomwa na jamaa. Mbinu husomwa na watahini.

Tasnifu ya Pakia ilipita katika chuo cha Ujerumani na iliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyotakiwa. Majina ya Kidigo yaliyomo ndani yake anaweza kuyasoma leo mzee yeyote wa Kinondo ajuaye herufi, na kuyasahihisha akiona kosa. Maelezo yanayoyazunguka majina hayo atahitaji asomewe na mjukuu.